Kabla ya Kufagia: Mwongozo Kamili wa Kugeuza Karakana ya Fundi wa Nakshi Kuwa Makumbusho Madogo, Lamu

Arobaini ya ami yangu ilipopita tulifanya ambalo kila nyumba ya Lamu ingelifanya: tulifungua karakana yake tukaingia na mafagio. Ami alikuwa fundi wa nakshi, mtu wa milango, makasha na marfaa za kuwekea misahafu. Maranda yalijaza magunia sita, punda akayapeleka jaani. Vipande vya mbao vyenye michoro ya kalamu ya risasi viliishia jikoni, vikachemsha chai ya waliokuja kusaidia. Ukutani palikuwa na msumari uliotungikwa makatoni yaliyokatwakatwa, meusi kwa jasho la mikono. Nayo yakaenda na takataka. Baada ya alasiri akaja mzee aliyejifunza kazi kwa ami tangu ujana wake. Akasimama mlangoni, akatazama sakafu iliyotakata, halafu akautazama ule msumari mtupu.

"Vigezo mumevitia wapi?"

Makatoni yale ndiyo yaliyokuwa vigezo. Kila waridi, kila mnyororo aliouchonga ami ulianzia hapo: alikilaza kigezo juu ya ubao, akapita ukingoni kwa kalamu, kisha ndipo akashika patasi. Tulikuwa tumetupa asubuhi moja kazi ya umri mzima, na tulikuwa tunaitunza milango miwili iliyobaki kana kwamba hiyo ndiyo urathi.

Mwongozo huu nauandikia familia yoyote ya hapa kwetu, au ya Malindi, au ya Siyu, iliyoachiwa chumba cha mchongaji na inafikiria kukifungua kwa watu. Hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji subira, daftari gumu, na mtu mmoja nyumbani anayeweza kuwazuia wengine wasisaidie mapema.

Jambo la kuelewa kabla ya hatua yoyote: kazi bora za mchongaji haziko kwake. Ziliagizwa, zikalipiwa, zikachukuliwa. Zinafungua na kufunga nyumba za watu. Kilichobaki karakanani ni njia iliyopita kazi hizo: zana, vigezo, ubao ulioharibika katikati, hesabu za wateja kwenye karatasi ya sigara. Constantin Brancusi, mchongaji mzaliwa wa Romania aliyeishi Paris, alilijua hilo akiwa hai. Mwaka 1956, mwaka mmoja kabla ya kufariki, aliusia karakana yake kwa serikali ya Ufaransa kwa sharti kwamba ioneshwe kama ilivyokuwa, kila kitu mahali pake. Barbara Hepworth wa Uingereza alifariki mwaka 1975, na mwaka uliofuata karakana yake ya mji wa St Ives ikafunguliwa kwa watu. Mawe ambayo hakuwahi kuyamaliza yako pale pale pamoja na zana zake.

Hapa kwetu tulikuwa na Muhamadi Kijumwa, aliyefariki mwaka 1945: mshairi, mwandishi wa khati, mchonga milango. Miswada mingi ya mkono wake iko London na Ujerumani, kwa kuwa wataalamu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann walimwagiza awanakilie tenzi, wakazitunza. Karatasi zilikuwa na mteja. Patasi ya fundi haina mteja, ndiyo maana hubaki kwa rehema ya fagio.

Hatua ya 1: Funga mlango, piga picha, usisogeze kitu

Siku ya kwanza ingieni watu wawili tu, mmoja wenu awe aliyefanya kazi humo. Simama kwenye kila pembe ya chumba upige picha ya chumba kizima. Kisha fuata kuta kutoka kushoto kwenda kulia, picha moja kwa kila hatua moja ya mguu. Kisha meza na rafu kutoka juu. Weka rula au shilingi kwenye picha ili ukubwa ujulikane. Simu inatosha kabisa. Ila picha zisibaki kwenye simu moja, maana simu za Lamu huanguka baharini kila siku.

Chora ramani ya chumba kwa kalamu ya risasi: mlango, dirisha, mahali alipokaa, mkono wake wa kulia ulifika wapi. Mafundi wetu wengi huchonga wamekaa chini, ubao wameubana kwa mguu, na zana zote ziko kwenye nusu duara mbele yao. Mpangilio huo ni maarifa. Patasi iliyo karibu zaidi ndiyo iliyoshikwa zaidi. Ukishaikusanya kwenye boksi moja na wenzake, umeifanya chuma tu.

Maranda msiyatupe yote. Chukua gao moja kwa kila aina ya mti, tia kwenye chupa ya kioo, andika jina la mti: mbambakofi, msaji, mvule, mfenesi, mwarobaini. Fundi mwenzake atayatambua kwa rangi na kwa harufu akiwa amefumba macho. Mimi nilidhani ananitania mpaka nilipomjaribu.

Kwetu fagio lilikuwa limeshapita, lakini kitu kimoja halikuweza kukiondoa. Kwenye sakafu ya chokaa, hatua mbili kutoka dirishani, pana kishimo kisichozidi ukubwa wa kisahani cha kahawa. Nilikijua tangu utoto nikidhani ni sakafu mbovu. Mzee yule alivua kiatu, akakaa, akatia kisigino chake mle, na goti lake likasimama sawasawa pale ambapo ubao ungeegemea. Ami alikaa hapo miaka hadi sakafu ikamkubali. Karibu tungelikiziba kwa saruji.

Hatua ya 2: Kikao cha warithi

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo huvunja makumbusho ya familia. Patasi ni mali. Kasha ni mali. Chumba chenyewe ni mali, na fundi anapofariki mali yake ni ya warithi wote kwa mafungu yao, wakiwemo binti na dada ambao hawakuwahi kukanyaga karakanani. Kwa Waislamu, suala la mirathi likileta mvutano linapelekwa kwa Kadhi. Msisubiri mvutano. Iteni kikao, mmoja aandike, kila mtu atie sahihi.

Zipo njia tatu za kawaida. Mrithi anaweza kukopesha kitu: kinabaki chake, kinaoneshwa kwa muda uliotajwa. Anaweza kukitoa hiba: kimekuwa cha makumbusho. Au familia inaweza kuweka nyumba na vilivyomo wakfu, na hapo hakuna tena kuuza wala kurithi. Watu huikimbilia wakfu kwa moyo mzuri wiki ya kwanza ya msiba. Nawashauri mwanze kwa mkopo wa miaka mitatu, muone kama mtauweza mzigo, kisha mzungumze wakfu. Miezi miwili baada ya sisi kupanga chumba, binamu alikuja kutoka Mombasa akachukua kasha lililokuwa katikati ya maonesho. Tulikasirika, lakini haki ilikuwa yake, hatukuwa tumemwuliza.

Hatua ya 3: Sheria, kabla hujagusa mlango

Sheria ya Kenya ya Makumbusho ya Taifa na Urathi ya mwaka 2006 inaitaja kazi ya mafundi wetu waziwazi. Mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya mwaka 1946 ni kitu kilicholindwa. Kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895 kinahesabiwa kuwa cha kale. Kuvihamisha kutoka mahali hadi mahali, kuviweka sokoni au kuvitoa nchini kunataka kibali. Kwa hiyo ukiambiwa na jirani, "Uchukueni mlango wa babu, uwekeni makumbushoni," mshukuru, kisha nenda kwanza ofisi ya Makumbusho ya Taifa hapa Lamu ukaulize. Wana uzoefu wa miaka mingi na mara nyingi watakushauri bure.

Meno ya tembo na gamba la ng'amba ni hatari zaidi. Viti vya enzi na makasha ya zamani huwa yamepambwa kwa vipande vyeupe. Mara nyingi ni mfupa, mara nyingine ni pembe ya ndovu. Kuwa na pembe bila idhini ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, hata kama ulirithi. Usikisie, ulizia. Ukitaka wageni waone fundi wa Pwani alivyoweza kuchonga pembe, waelekeze wakaitazame siwa ya Pate, lile baragumu la pembe ya ndovu, kwenye Makumbusho ya Lamu.

Jengo nalo lina masharti yake. Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urathi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001. Kutoboa dirisha, kubadili paa au kupiga plasta kunapita kwanza kwa wahifadhi.

Kwa ndugu wa Malindi na Kilifi nina neno moja. Ukikuta kigango, ile nguzo ya mbao ya kumkumbuka marehemu, katika vitu vya mchongaji, usikitie maonesho. Kigango husimamishwa kwa ajili ya mzee wa Gohu, chama cha wazee wa Kimijikenda, aliyefariki na mahali pake ni pale kiliposimamishwa. Vingi viliibwa vikauzwa hadi majumba ya makumbusho ya Marekani, na juhudi za kuvirudisha zimechukua miaka. Kimoja kilirejeshwa kwa familia yake mwaka 2007. Tafuteni wazee wenyewe waseme.

Hatua ya 4: Daftari

Nunua daftari la jalada gumu, si la spirali, karatasi zake zising'oke. Andika kwa wino. Kila kitu kipate nambari yake isiyorudiwa kamwe, hata kitu kikipotea au kikirudishwa kwa mwenyewe. Nambari hiyo iandike kwenye kikaratasi kwa kalamu ya risasi, ukifunge kwenye kitu kwa uzi wa pamba. Usiandike kwa wino moja kwa moja juu ya mbao, na usibandike seloteipu. Baada ya mwaka mmoja wa joto letu gundi huacha alama isiyotoka.

Wengi huandika "patasi, ya zamani" wakafikiri wamemaliza. Nanakili hapa ukurasa wetu mmoja kama ulivyo:

"14. Patasi. Upana wa makali milimita 9. Mpini wa mpera, umefungwa waya wa shaba baada ya kupasuka. Chuma kimenolewa hadi kimebaki sentimita 6. Ya kuchimba katikati ya waridi (kauli ya mwanafunzi wake). Upande wa kushoto wa mpini umelika kwa kidole gumba. Mwenyewe: shangazi, mkopo. Ilipokutwa: sakafuni, ya pili kutoka kulia. Iliko: kidaka cha chini, kushoto."

Kitu kimoja kama hicho huchukua robo saa. Siku moja mtamaliza ishirini, na inatosha. Kila mwezi piga picha kurasa mpya, nakala moja iwekwe nyumba nyingine, mtaa mwingine ikiwezekana. Lamu moto ukishika paa la makuti hauulizi ni la nani.

Hatua ya 5: Sauti na mikono

Hapa ndipo ningetumia muda wangu wote kama ningeanza upya. Vitu vinaweza kungoja mwaka. Wazee hawangoji.

Usimketishe fundi kitini ukamwuliza, "Tueleze historia ya nakshi." Atakupa hotuba. Mpe ubao na patasi, mwambie achonge waridi moja, wewe urekodi mikono yake kutoka juu ya bega la kushoto. Atasema mwenyewe. Mzee wetu alinyamaza dakika kumi, kisha akaanza: hapa fundi alikuwa akigeuza ubao, mimi nageuza mkono, hapa ukisikia nyundo imekuwa nzito, patasi imekufa makali. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba ami alisikiliza.

Maswali yanayofaa ni madogo. Ua hili mlikuwa mkiliita nani? (Majina ya karakana hayafanani na ya vitabu.) Kwenye fremu mlianza wapi, kizingiti cha juu, miimo au mfaa (mti wa katikati)? Mti ulikuja na jahazi gani, kutoka wapi? Ukikosea kwenye mfaa, ulifichaje? Swali hili la mwisho halijawahi kuniangusha. Kila fundi ana siri zake za kuficha makosa na hupenda kuzitoa akishazeeka.

Waulizeni na wanawake wa nyumba. Kila mtu alituelekeza kwa wanaume, na kumbe shangazi ndiye aliyekuwa akipiga msasa, akipaka mafuta, na akikumbuka deni la kila mteja tangu enzi za shilingi kuwa shilingi. Orodha yetu ya milango iliyoko mitaani ilitoka kinywani mwake, jioni mbili, akichambua mchele.

Chagua saa ya kurekodi. Upepo wa kusi dirishani unaharibu sauti, na punda ana desturi ya kungoja neno muhimu ndipo alie. Asubuhi baada ya alfajiri ni bora. Mwisho wa mazungumzo mwombe mzee ruhusa kwa maneno yaliyorekodiwa: nani anaweza kusikiliza, na lipi litoke. Mzee wetu aliomba kisa kimoja kuhusu mteja asiyelipa kifutwe. Tulikifuta, ingawa ndicho kilichokuwa kitamu kuliko vyote.

Hatua ya 6: Chumvi, unyevu, wadudu

Nyumba ya mawe ya matumbawe iliyopakwa chokaa ni kifaa bora cha kuhifadhia vitu kuliko chochote utakachonunua. Kuta nene hupoza joto na kuufanya unyevu ubadilike polepole, na mbao haziogopi unyevu kama zinavyoogopa kubadilikabadilika. Ndiyo maana nashauri msifunge kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku. Mtapasua ndani ya msimu mmoja ubao uliokaa salama miaka hamsini. Fungueni madirisha asubuhi, fungeni jua likikaza. Na msipige plasta ya saruji: inazuia ukuta kupumua, unyevu na chumvi vinanaswa ndani, chokaa inabanduka.

Chuma ndicho kinachoteseka. Hewa ya bahari ina chumvi, na patasi isiyoshikwa hupata kutu kwa wiki chache. Ondoa vumbi kwa brashi kavu, kisha paka nta ya nyuki kidogo sana kwa kitambaa laini, futa iliyozidi. Msitumie maji. Msizinoe! Binamu mmoja alizinoa patasi nne kwa nia njema, akafuta makali ya mwisho aliyoyaacha ami kwa mkono wake. Mbao nazo msizipake vanishi ili zing'ae. Rangi ile ya weusi kwenye mpini ni mkono wa mtu.

Kwa wadudu, laza kila kitu cha mbao juu ya karatasi nyeusi kwa wiki moja. Ukikuta unga mwembamba chini yake, mdudu anafanya kazi ndani. Kitenganishe kitu hicho na vingine siku hiyo hiyo. Dawa isiyo na sumu ni baridi: kifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, kiweke kwenye freza ya baridi ya nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili kamili. Wauza samaki wanazo. Sisi tuliomba nafasi chini ya kolekole. Umeme ukikatika freza ikapoteza baridi, anza kuhesabu upya. Ukikitoa, usifungue mifuko mpaka siku ya pili, ili umande ushike plastiki badala ya mbao. Vitu vyenye rangi, gundi au mapambo ya mfupa visiingie humo; muulize mhifadhi wa makumbusho kwanza. Mchwa hauhitaji utaalamu bali macho: rafu zikae mbali na ukuta upana wa kiganja, na kila Jumamosi mtu apite na tochi kutafuta njia zao za udongo.

Karatasi, barua na vigezo, kama mmebahatika kuvikuta, vioneshwe kwa nakala. Asili zilale bapa gizani. Na tafadhali msizitie lamineshini. Najua kila duka la fotokopi litawashauri hivyo. Plastiki ile ikishaungana na karatasi haitoki tena.

Hatua ya 7: Milango iliyo nje

Makumbusho ya mchongaji yakibaki ndani ya chumba kimoja ni nusu. Kwa msaada wa shangazi tulipata milango kumi na mmoja ya ami, kutoka mtaa wa Mkomani hadi Langoni, mmoja Shela. Tulienda nyumba kwa nyumba. Piga hodi, ungoje, ueleze, ukubali kahawa. Omba mambo mawili tofauti: ruhusa ya kupiga picha, na ruhusa ya kuwaelekeza wageni pale nje. Wanne walikubali picha wakakataa wageni, na ni haki yao, kwa kuwa baraza ni mahali pa watu wa nyumba. Milango yao haimo kwenye ramani yetu.

Nakshi unaweza pia kuinakili kwa karatasi nyepesi na kalamu ya risasi laini: laza karatasi, sugua polepole, ua litajitokeza lenyewe. Usifanye hivyo penye rangi inayobanduka. Kwa njia hii tulirudisha baadhi ya maua yaliyopotea na vile vigezo, ingawa ua lililochongwa halilingani kamwe na kigezo chake. Patasi huongeza yake.

Hatua ya 8: Kupanga chumba

Anza na mahali alipokaa, zana kwenye nusu duara kama zilivyo pichani, na kamba nyepesi kuzunguka. Vilivyobaki viingie kwenye zidaka na rafu. Visiwe vingi. Weka ubao mmoja wa kuguswa, wenye hatua nne za waridi moja: mchoro, mkato wa kwanza, kuchimba, kumalizia. Watoto watauharibu, mwanafunzi wake atachonga mwingine.

Maandishi yawe kwa Kiswahili kwanza, Kiingereza chini yake, herufi za kusomeka kwa umbali wa mita moja na nusu, maneno yasizidi hamsini. "Sakafu ya karakana" haimwambii mtu lolote. Yetu inasema: "Kishimo hiki kilichimbwa na kisigino. Fundi alikaa hapa kila siku, goti likiwa egemeo la ubao." Kila mgeni huinama.

Msimfanye mtu walii. Ami alichonga milango ya fahari, na alichonga pia mamia ya visanduku vidogo vya watalii, haraka haraka, ili tulipiwe karo sisi tuliosoma. Tumeviweka viwili. Tumeandika pia kwamba mbambakofi ulipokuwa ghali alihamia mwarobaini, kama walivyofanya wachongaji wengi wa Pwani mipingo na mihugu ilipopungua. Kuna jamaa waliona tunamwaibisha. Mafundi waliosoma hilo walitikisa kichwa wakacheka.

Hatua ya 9: Kufungua

Fungueni siku chache ambazo mtazitimiza. Sisi ni Jumanne na Jumamosi, baada ya alasiri hadi magharibi, Ramadhani tunafunga. Mgeni aliyekuta kufuli mara moja hawezi kushawishiwa tena, na waongoza wageni husambaza habari hizo kuliko redio. Kiingilio kiandikwe ubaoni nje, kimoja kwa wenyeji, kimoja kwa wageni, wanafunzi bure. Pasiwe na bei ya kunong'onezana. Wiki ya Maulidi na ile ya tamasha la utamaduni la Novemba ongezeni mtu wa kukaa mlangoni, awe kijana wa nyumba anayejua vitu kwa nambari.

Mtaulizwa kila siku, "Hiki kinauzwa?" Jibu liwe moja kwa wote: kilicho kwenye daftari hakiuzwi, ila mwanafunzi wake yuko mtaa wa pili na anapokea kazi. Tangu tufungue amepata milango miwili.

Daftari liache na kurasa tupu, kwa sababu watu wakishaona chumba huanza kukumbuka walivyonavyo. Tulifungua na vitu thelathini na saba. Mwaka jana, siku ya kupaka chokaa kabla ya Ramadhani, tulisogeza meza ya jikoni kwa shangazi, na hii ndiyo nambari iliyofuata:

"38. Kigezo cha waridi, katoni la biskuti, petali nane. Ukingo umechakaa kwa kalamu. Upande wa nyuma: hesabu ya misumari kwa mkono wa fundi. Kilipokutwa: chini ya mguu wa meza, kimekunjwa mara mbili ili meza isiyumbe. Mwenyewe: shangazi, mkopo. Sharti: aletewe kigae cha kuweka mahali pake."